Video ya Harusi ya Wazazi Wangu

Siku tatu baada ya wazazi wangu kubariki ndoa yao kanisani, kaka yangu mkubwa alinipigia simu kuniarifu kwamba kikao cha familia kimekaa na kuamua kuwa mimi ndiye nitakayetengeneza video ya harusi.

"Kikao kilikaa lini?" nikamuuliza. "Mbona sikuitwa?"

"Ungeitwa ungekataa. Na si wewe uko na kompyuta?"

Kompyuta nilikuwa nayo, sikatai. Tuliinunua kuukuu, mimi na mume wangu, kutoka ofisi moja mjini Kisii iliyokuwa ikibadilisha vifaa, tukaiweka sebuleni kwetu Birongo na kuifunika kitambaa cha kufuma. Mimi ni karani wa shule ya sekondari. Kwenye mashine hiyo nilikuwa nikichapa mitihani na kumbukumbu za mikutano ya kikundi chetu cha akina mama. Mume wangu, mwalimu wa hesabu, alikuwa akijumlisha alama za wanafunzi. Video tulikuwa tunatazama tu. Kuzikata na kuziunganisha lilikuwa jambo la watu wa studio.

Harusi yenyewe nieleze kidogo. Wazazi wangu wameishi pamoja Nyacheki miaka arobaini na miwili. Ng'ombe walitolewa, sisi watoto sita tukazaliwa, chai ikapandwa, wajukuu wakafika. Kanisani tu ndiko hawakuwa wamepita. Basi Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikisii, akapendekezwa kuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, na padri akamwambia kwa upole kwamba mwenyekiti hawezi kubaki kwenye benchi wakati wenzake wanakwenda kukomunika. Tata akarudi nyumbani akamwambia Mama ajiandae, Jumamosi wapite kwa padri dakika chache wamalize hiyo shughuli. Mama alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Nimekupikia miaka arobaini na miwili bila pete," akasema. "Nikivalishwa pete, kutakuwa na keki. Na gauni. Na watu."

Kwa hiyo kukawa na keki, na gauni, na watu wakajaa uani hadi kwenye vijia vya shamba la chai. Kilichokosekana ni mpiga picha. Tuliyemwagiza alipata harusi nyingine upande wa Nyamira, akatutumia ujumbe asubuhi ile ile kwamba anatutakia baraka. Ndipo kila mwenye simu akaombwa arekodi anachoweza.

Walioitikia walikuwa wanne: kaka yangu, mke wake, katekista, na Baba Mdogo, yaani ndugu wa Tata anayemfuata kuzaliwa. Nilipokusanya kazi zao zote kwenye flashi nikapata video za urefu wa saa saba. Kaka alikuwa amerekodi magari. Wifi yangu, ambaye ni mtu wa Pwani na hakuwa amewahi kuona harusi ya kwetu, alirekodi chakula na waliokuwa wakila. Katekista alisahau kuzima simu alipoirudisha mfukoni, kwa hiyo kulikuwa na saa nzima ya giza la suruali na mlio wa funguo. Baba Mdogo alirekodi misa yote bila kukatiza, kidole gumba chake kikiwa kimeziba pembe moja ya picha tangu wimbo wa kuingia hadi baraka ya mwisho.

Nilianza kwa kuulizia kazini. Mwalimu wa kompyuta wa shule yetu alinipa jina la programu ambayo, alisema, hata watu wanaotengeneza filamu kubwa wanaitumia, na toleo lake la bure ni zuri ajabu. Kuipakua kulimeza bando langu lote na nusu ya bando la mume wangu. Tulipoifungua, feni ya kompyuta ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga mahindi, hata jirani akachungulia dirishani kuuliza kama tumefungua biashara. Kisha picha ikaganda. Iliganda Tata akiwa amefungua kinywa kupokea komunyo, ulimi nje, na akabaki hivyo tangu saa nane mchana hadi tulipochomoa waya ukutani.

"Hii programu inataka lori," mume wangu akasema. "Sisi tuna baiskeli."

Kuanzia hapo akajipa kazi ya ukaguzi. Mume wangu, mtu wa Marani, haamini kitu cha bure. Ukimpa parachichi atalizungusha mara mbili kutafuta pale lilipooza. Zile kurasa za masharti ambazo sisi wengine tunazipita haraka na kubonyeza "nakubali", yeye alizisoma zote, kwa sauti, kalamu mkononi, akisimama kila baada ya kifungu kuniuliza kama nimeelewa. Programu moja aliikataa kwa sababu ilitaka ruhusa ya kujua tuko wapi. "Inataka kujua Birongo kuna nini?" akauliza.

Ya pili tuliyoijaribu ilikuwa nyepesi, yenye vitufe vikubwa vya kupendeza. Nikajifunza kukata na kuunganisha kwa siku mbili. Nikatengeneza dakika kumi za bwana na bibi harusi wakiingia kanisani, nikaweka na wimbo wa kwaya, nikaona kumbe ninaweza. Nikatuma kwa simu ya kaka ili wazee waonje. Haikupita nusu saa, Tata akapiga.

"Kuna maandishi kwenye kifua cha mama yako," akasema.

Nikaangalia tena. Kweli, programu ilikuwa imepiga mhuri wake wa Kiingereza kutoka kona hadi kona, herufi nyeupe kubwa kama za ubao wa duka. Nilipokuwa nikihariri haukuonekana. Ulikuwa umesubiri hadi nimalize.

"Ni mambo ya programu hayo, Tata. Usijali."

"Nimeyasoma. Yanasema haya ni majaribio."

"Ni programu ndiyo ya majaribio."

"Mtu akiona atajua ni programu? Ataniona mimi nimemshika mama yako mkono, na juu yetu pameandikwa majaribio. Miaka arobaini na miwili! Kama bado ni majaribio, tutafaulu lini?"

Nyuma yake nikasikia sauti ya Mama: "Mwambie kuna aliyefaulu na kuna anayerudia darasa."

Ya tatu haikuandika kitu. Ilikuwa ya bure kabisa, ila ilikuwa na mapambo yake. Kila nilipounganisha vipande viwili, iliingiza maua na nyota pasipo kuombwa. Padri akihubiri kuhusu uvumilivu, mioyo myekundu ikawa inamtoka masikioni na kupaa kuelekea paa la kanisa. Mume wangu akatafuta kitufe cha kuizima. Akapata kimoja, akakibonyeza kwa uhakika wa mwalimu wa hesabu, na padri akaanza kuchekwa na umati wa watu wasioonekana. Tukacheka na sisi mpaka tukakohoa, kisha tukaingiwa na hofu, tukaifuta programu ile pamoja na mioyo yake.

Tuliyoishia nayo haikuwa na sura ya kuvutia. Ilikuwa ya kijivu, vitufe vyake vidogo, kama fomu ya serikali. Imetengenezwa na watu wa kujitolea, kila mmoja nchini kwake, na hakuna anayelipwa. Mume wangu aliyasoma masharti yake hadi mwisho. Akayasoma tena.

"Wanaruhusu uitumie," akasema. "Wanaruhusu umpe jirani. Wanaruhusu hata uifungue ndani uibadilishe. Hawataki jina lako wala namba ya simu."

"Basi si vizuri?"

"Sasa wao wanakula nini?"

Jambo hilo lilimsumbua kweli. Alitafuta mtego kwa wiki nzima. Alipoukosa, aliona haya, kama mtu aliyemshuku mgeni bure. Akatafuta pale pa kuwaandikia hao watu, akaandika barua ndefu ya shukrani kwa Kiingereza cha ofisi ya walimu, kwa niaba ya familia, ukoo na jumuiya. Mtu mmoja, sijui wa wapi, akamjibu kwa sentensi mbili akiwatakia maharusi maisha marefu. Mume wangu alilichapisha jibu hilo akalibandika kando ya kalenda.

Tukaanza kazi sasa, Jumapili mchana na jioni za baada ya shule. Tatizo lilikuwa ngoma. Mama alicheza siku ile kuliko nilivyowahi kumwona, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja. Lakini kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali, na mume wangu alisema hata kwenye kompyuta mama mkwe ni mama mkwe. Kila Mama alipoanza kutikisa mabega, yeye alisimama akaenda kusoma kalenda.

"Amemaliza?"

"Bado."

"Sasa?"

"Sasa amepiga magoti."

"Niite akimaliza," akasema, akatoka kwenda kumtazama ng'ombe ambaye alikuwa mzima kabisa.

Na siku nilipokuwa na mafua, alijitolea kumalizia sehemu hiyo peke yake. Alikata kwa kusikiliza muziki, mgongo ukiwa umeelekea kioo.

Wiki ya tatu Tata akaja mwenyewe Birongo, na mkungu wa ndizi, kuona kazi ilipofika. Akavuta kiti karibu na changu, akavaa miwani, akaweka mikono magotini. Nikamwonyesha sehemu ya uani, baada ya misa. Akatazama kama dakika moja.

"Mtoe huyu," akasema.

Alikuwa akimwonyesha Baba Mdogo.

Wasomaji wangu wajue kwamba Baba Mdogo amepanda mikaratusi saba kwenye mpaka wa mashamba yao, na mikaratusi hiyo inaitia kivuli chai ya Tata na kuinyonya maji. Ugomvi huo una miaka. Kwa ajili ya harusi waliusimamisha, wakala pamoja, wakacheka pamoja. Jumatatu asubuhi waliuendeleza pale walipouachia.

"Tata, Baba Mdogo yuko kila mahali."

"Ndiyo maana nakwambia umtoe. Si ulisema mashine inakata?"

Nikakata. Nikamwonyesha tena. Akatazama watu wakiingia, kwaya ikiimba, keki ikiletwa.

"Na mimi niko wapi?"

"Umetoka naye. Mlikuwa mmeshikana mabega."

"Sasa mkate yeye peke yake, mimi nibaki."

"Haikati mtu kama kitambaa, Tata."

Mume wangu, ambaye kwa kawaida mbele ya baba mkwe hujibu akiulizwa tu, akakohoa. Akasema kwa heshima kwamba kuna njia ya kumfunika mtu kwa kitu kama ukungu, amesoma. Tukajaribu. Ilituchukua saa nzima, lakini ikafanikiwa. Baba Mdogo akawa kiwingu cha kijivu chenye viatu. Kiwingu kikamtilia Tata soda, kikamwinamia sikioni, kikamkumbatia, wakacheza pamoja huku wageni wakipiga makofi.

Tata akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Watu watasema mwenyekiti wa jumuiya alicheza na pepo siku ya harusi yake."

"Turudishe?"

"Ngoja kwanza. Nionyeshe viapo."

Viapo vilikuwa kwenye simu moja tu. Kaka wakati huo alikuwa nje na magari, wifi jikoni na wapishi, na katekista alikuwa tayari amerekodi suruali. Aliyekuwepo ni Baba Mdogo na kidole chake. Nikakiwasha kipande hicho. Robo ya picha ilikuwa nyama ya kidole, yenye rangi ya waridi pale mwanga ulipopenya. Kwenye robo tatu zilizobaki, Tata amemshika Mama mkono, anarudia maneno ya padri, anakwama kwenye neno "uzima", anaanza upya. Mama anamsaidia kwa kusogeza midomo.

Halafu kulikuwa na sauti nyingine, karibu na simu. Mtu alikuwa akivuta pumzi kwa pua, mara kwa mara, kama mwenye homa.

"Hiyo kelele ni nini?" Tata akauliza.

"Ni Baba Mdogo," nikasema. "Nadhani analia."

Tata akasogea karibu na kioo. Video ikaendelea. Pete ikaingia hadi kifundo cha kidole cha Mama, ikakataa, ikalazimishwa. Na pale, kwa sauti ya chini sana, Baba Mdogo akajisemea kwa Kikisii kwamba mama yao angekuwa hai leo angeona. Nyanya yetu alizikwa zamani, mimi nikiwa darasa la pili. Tata na Baba Mdogo ndio waliobaki kati ya watoto wake.

"Rudisha," Tata akasema.

Nikarudisha. Tukasikiliza tena. Akaniambia nirudishe mara ya tatu, na ya nne. Mume wangu alikuwa ameenda kusimama mbele ya kalenda ingawa hakuna aliyekuwa akicheza ngoma.

Mimi nikashika kipanya. "Hiyo sauti naweza kuiondoa, Tata. Hii programu inaweza. Abaki padri peke yake."

Akanigeukia kama nimemtukana. "Nani amekwambia uiondoe?"

"Nilidhani..."

"Usidhani. Iache. Na kule nje, toa lile wingu. Mrudishie uso wake." Akasimama, akatafuta kofia yake iliyokuwa kichwani. "Nyinyi mna chai hapa au mnaishi kwa kutazama video?"

Tulionyesha kazi yetu Jumapili moja baada ya misa, nyumbani Nyacheki, kwenye televisheni ya kaka aliyoibeba kutoka Kisii imefungwa blanketi. Ilikuwa ya saa mbili na dakika ishirini, kwa sababu Mama alikataa mtu yeyote aliyemenya ndizi au kuchota maji akose kuonekana. Sebule ilijaa, wengine wakasimama madirishani. Baba Mdogo alikuja. Tata alikuwa amemtuma kaka amwambie kwamba kuna video, akitaka aje, asipotaka asije. Akaketi karibu na mlango, tayari kuondoka.

Nikabonyeza. Yakatokea maandishi niliyoyapamba mwenyewe kwa rangi ya dhahabu: *Harusi ya Tata na Baba*. Watu wakapiga makofi. Wifi yangu peke yake hakupiga.

"Mbona Mama hayumo kwenye harusi yake mwenyewe?" akauliza.

Sikumwelewa, wala hakuna mwingine aliyemwelewa, hadi kaka alipokumbuka. Kwa Kikisii cha nyumbani, baba ndiye mama. Hapa nimemwita Mama ili nisiwachanganye wasomaji, lakini jikoni tangu utotoni tulimwita baba. Wifi alikuwa ameolewa miaka tisa akisikia watu wazima wakimwita mama yao baba, na kwa adabu hakuwahi kuuliza. Alicheka hadi akatoka nje.

Ngoma ya Mama ilipofika, alianza vizuri, akazunguka, akanyanyua mguu, na mguu ukiwa hewani tukajikuta ghafla tunatazama sufuria ya wali. Mume wangu alikuwa amekata hapo, kwa masikio. Mama akaniangalia mimi, kwa kuwa mkwe wake haangaliwi.

Viapo vilipoanza, sebule ikatulia. Baba Mdogo akasogeza kichwa.

"Nani huyo ameweka kidole?" akauliza kwa hasira. "Mtu anapewa kazi ya kurekodi jambo kubwa kama hili anaweka kidole!"

"Angalia chako," Mama akasema.

Akakiangalia. Kicheko kilichotoka humo nadhani kilifika Nyamira. Lakini kikazimika mara moja, kwa sababu sasa sauti yake ilikuwa imeanza kusikika, ile pumzi, na yale maneno. Baba Mdogo akainamisha kichwa, akaanza kukwangua tope kwenye kiatu. Tata hakumtazama. Alisogea tu kwenye kochi, akaacha nafasi, akapiga mto kwa kiganja mara mbili. Baba Mdogo akainuka pale mlangoni, akaja akaketi. Wakatazama mpaka mwisho, hata sehemu ndefu ya magari.

Jioni Tata alimsindikiza, na kabla hawajafika mpakani tukawasikia wameanza tena kuhusu miti, kila mmoja akipaza sauti. Mama akasema tuwaache. Mwezi uliofuata mikaratusi miwili ilikatwa, ile iliyosimama juu kabisa ya chai. Mitano bado ipo.

Tata alipoapishwa uenyekiti, ajenda yake ya kwanza ilikuwa kuionyesha jumuiya video nzima. Waliivumilia hadi saa ya pili. Kisha bibi mmoja wa kwaya akainua mkono, akapendekeza kwamba sehemu ya chakula ipunguzwe, kwa kuwa watu wanatazama wali na hawajapewa wali. Pendekezo likapitishwa kwa kauli moja. Tata akaliandika kwenye daftari, akanipigia simu kunijulisha uamuzi wa jumuiya, na mimi nikaondoa kile kitambaa cha kufuma, nikawasha kompyuta.